Habari za Sotoka: Maradhi ya Ng'ombe, Majina Yake, na Jinsi Yalivyokomeshwa

Wakusanyao maneno ya lugha za bara hupenda kuandika majina ya miti, ya ndege, ya ngoma na ya ujamaa. Ni wachache waandikao majina ya maradhi ya mifugo. Pengine hudhani ya kuwa majina hayo ni ya wachungaji tu, wala hayana elimu ndani yake. Walakini kwa watu waishio kwa ng'ombe jina la ugonjwa si sauti tupu. Ni ushuhuda wa macho ya watu wengi, waliomtazama mnyama akiwa hai, wakampasua akiisha kufa, wakalinganisha waliyoyaona na yale waliyoambiwa na baba zao. Katika makala haya nataka kulionyesha jambo hili kwa ugonjwa mmoja, mkubwa kuliko yote yaliyopata kuwaangukia ng'ombe wa Afrika, nao ni sotoka. Habari zake ni za namna mbili: habari za zizini, na habari za nyumba za uchunguzi. Kwa muda mrefu habari hizi zilikwenda mbali mbali, na sotoka ikazidi kuua. Zilipokutana, sotoka ilikoma duniani.

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Ng'ombe aliyeshikwa na sotoka huanza kwa homa kali. Huacha kula, huacha kucheua, manyoya yake husimama. Kisha machozi humtiririka, na makamasi humtoka puani, kwanza kama maji, baadaye kama usaha. Ndani ya kinywa, katika ufizi na chini ya ulimi, huonekana vidoa vidogo kama pumba za unga, navyo hugeuka vidonda. Baada ya hayo huja kuhara, kuhara kwa nguvu kwenye damu na uvundo, hata mnyama hukauka maji, macho yakaingia ndani, naye hufa katika siku chache. Katika kundi lisilopata kuuona ugonjwa huu, karibu wote hufa. Lakini yule aponaye hashikwi tena maisha yake yote. Neno hili la mwisho wachungaji walilijua mapema, nalo ndilo msingi wa dawa zote zilizokuja baadaye.

Wadachi waliuita ugonjwa huu Rinderpest, yaani tauni ya ng'ombe, na jina hilo likaenea katika vitabu vya Wazungu wote. Ni jina la kutisha, lakini halimwambii mtu kitu juu ya dalili zake. Wamasai huuita olodua, na neno hilo lina asili moja na jina la nyongo katika lugha yao. Mtu asiyepata kumpasua ng'ombe aliyekufa kwa sotoka ataona ajabu: nyongo na kuhara vina uhusiano gani? Bali apasuaye ataona ya kuwa kifuko cha nyongo kimevimba sana, kimejaa tele. Basi aliyelitoa jina hilo kwanza hakubuni. Alichinja, akapasua, akatazama, akaita kama alivyoona. Daktari wa wanyama leo afanya vivyo hivyo, naye huandika kifuko cha nyongo kilichovimba miongoni mwa dalili anazozitafuta ndani ya mzoga.

Sotoka haikuzaliwa Afrika. Kwa mamia ya miaka ilizunguka Asia na Ulaya, ikifuata majeshi na misafara, kwa sababu majeshi ya zamani yalivuta mizigo kwa maksai na kula nyama yao njiani. Mwaka 1711 iliingia Italia ya kaskazini, na watu walisema ya kuwa ililetwa na ng'ombe waliotoka Dalmatia. Bernardino Ramazzini, mwalimu wa uganga huko Padua, alitoa hotuba juu yake mwaka ule ule, akaulinganisha ugonjwa huu na ndui ya wanadamu. Ugonjwa ulipokaribia Roma, Papa Clement wa 11 alimwagiza tabibu wake, Giovanni Maria Lancisi, atafute njia ya kuuzuia. Lancisi hakuzisifu dawa. Alishauri kwamba ng'ombe wagonjwa na wote waliokaa nao wauawe mara moja, wafukiwe pamoja na chokaa, na njia zifungwe mnyama ye yote asipite. Amri ilitolewa, na waliovunja waliadhibiwa vikali. Katika muda wa miezi kama tisa nchi za Papa zilikuwa salama, hali sehemu nyingine za Ulaya, zilizotegemea dawa za kunywesha, ziliendelea kuteseka miaka mingi.

Hasara hizo ndizo zilizowafanya Wazungu waanze kuyafundisha maradhi ya wanyama kama elimu. Mwaka 1761 Claude Bourgelat alipewa ruhusa na mfalme wa Ufaransa kuanzisha shule katika mji wa Lyon, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna yake. Uingereza nayo haikuwa na watu wa serikali wa kutazama afya ya mifugo hata ilipopigwa mwaka 1865, ng'ombe walipoletwa kwa meli kutoka pwani ya Baltiki. Ndipo serikali ilipounda kazi hiyo. Twaona, basi, ya kuwa elimu ya uganga wa wanyama haikuanza kwa anasa ya wenye vyuo, bali ilitoka katika mizizi ya njaa na hofu, kama ilivyotoka elimu ya wachungaji wetu.

Sasa tuje Afrika. Wengi husimulia ya kuwa sotoka iliingia mwaka 1887 katika bandari ya Massawa, pwani ya Eritrea, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Waitalia. Ng'ombe wa bara hili hawakuwa wamepata kuuona ugonjwa huu, ila katika Misri, wala hawakuwa na kinga. Uliwashika kama moto ushikavyo nyasi za kiangazi. Katika Uhabeshi maksai wa kulimia walikufa, mashamba yakakaa bila kulimwa, na pamoja na ukame na nzige ikawa njaa ya miaka 1888 hata 1892. Wahabeshi huikumbuka kwa jina la kifu qen, maana yake siku mbaya, nao husema ya kuwa sehemu moja katika tatu ya watu wao walipotea. Kutoka huko sotoka ilishuka katika nchi ya Wasomali na katika nyika za Wamasai kwenye mwaka 1890 na 1891. Kapteni Lugard, aliyepita kutoka Mombasa kwenda Uganda katika miaka hiyo, aliandika habari za nyati na wanyama wengine wa porini waliokufa wengi, maana sotoka haikutofautisha mnyama wa zizini na wa mwituni wenye kwato zilizopasuka. Hukadiriwa ya kuwa katika sehemu nyingi ng'ombe tisa katika kumi walikufa.

Wamasai wana neno moja kwa miaka ile: Emutai. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kumaliza, kutosaza. Si jina la ugonjwa mmoja, maana baada ya sotoka ilikuja ndui ya watu, na kabla yake ulikuwako ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe. Ni jina la mambo yote pamoja, kama vile mtu asemavyo maangamizo. Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyefika Ngorongoro mwezi wa Machi 1892, aliwakuta Wamasai waliobakia mifupa na ngozi, wanawake wakihangaika kutafuta cho chote cha kula, na wazee waliokuwa na mali jana wakiomba mabaki. Alikadiria ya kuwa theluthi mbili za Wamasai wamekufa. Wengine walikimbilia kwa Wakikuyu na makabila mengine ya wakulima, na wako wazazi waliowaacha watoto wao huko ili wapate kuishi. Husimuliwa pia kwamba laibon mkuu, Mbatian, alitabiri kabla ya kufa kwake ya kuwa ng'ombe wao watakwisha. Baada ya kifo chake wanawe wawili, Lenana na Sendeyo, walishindania urithi, na vita vya ndugu vikaongeza msiba.

Hapa yafaa tukumbuke desturi moja, ambayo wageni wengi waliiona kuwa adabu tu ya urafiki. Mmasai hakuwaweka ng'ombe wake wote katika boma moja. Aliwatoa wengine kwa rafiki zake walio mbali, naye akapokea wa kwao. Na watu wawili waliobadilishana ng'ombe hawakuitana tena kwa majina yao, bali kila mmoja alimwita mwenzake pakiteng, kwa jina la ng'ombe waliyepeana. Neno hilo ni hati ya mapatano isiyoandikwa. Likitamkwa mbele ya watu, latangaza deni na haki. Desturi hii ilikuwa kinga ya mali: ukame ukipiga huku, au maradhi yakiingia boma moja, mtu hakubaki mikono mitupu, maana sehemu ya kundi lake ilikuwa mbali. Emutai ilikuwa pana kuliko duara la marafiki wo wote, kwa hiyo desturi haikuweza kuizuia. Hata hivyo, msiba ulipopita, ng'ombe wachache waliosalia huku na huko waligawanywa kwa njia hizo hizo, na makundi yakaota tena.

Nchi yenyewe iligeuka pia. Malisho yaliyokuwa yakiliwa na ng'ombe na kuchomwa na wenyewe kila mwaka yaliachwa, vichaka vikamea, na wanyama wa porini waliposhika kuongezeka tena, mbung'o waliingia mahali ambapo zamani palikuwa pa ng'ombe na watu. Wageni waliofika baadaye walidhani ya kuwa nchi hizo zilikuwa tupu tangu asili. Walikosea. Walikuwa wakitazama kaburi la vijiji na makundi, wakaliita pori.

Sotoka iliendelea kusini. Mwaka 1896 ilivuka mto Zambezi, na mwaka 1897 ilikuwa imefika katika nchi ya Rasi. Waliweka nyua ndefu za seng'enge, askari wakalinda, wakapiga risasi maelfu ya ng'ombe. Lakini mambo yaliyofaa Roma hayakufaa katika nchi pana isiyo na mipaka ya hakika, wala wenye ng'ombe hawakuwaamini waliokuja kuwaua. Ndipo serikali ya Rasi ilipomwita Robert Koch, yule tabibu wa Kidachi aliyekwisha kugundua kidudu cha kifua kikuu. Alifika mwishoni mwa mwaka 1896, akafanya kazi Kimberley, na mwezi wa Februari 1897 alitangaza ya kuwa nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, ikipigwa sindano chini ya ngozi ya ng'ombe mzima, humpa kinga. Wakulima wa Orange Free State walidai ya kuwa wao walitangulia kuitumia nyongo kabla ya mgeni huyo kufika. Msomaji atakumbuka jina la Wamasai. Sisemi kwamba Koch alijifunza kwa Wamasai, maana hakupata kukaa nao kabla ya hapo; nasema tu kwamba macho ya mchungaji wa nyika, na ya mkulima wa kusini, na ya mtaalamu wa Berlin, yote yaliangukia kifuko kile kile. Tena, karibu na wakati huo huo, Arnold Theiler na Herbert Watkins-Pitchford huko Transvaal, kisha Kolle na Turner, walifanya kazi ya kuwatia ng'ombe maji ya damu ya wale waliokwisha kupona. Huo ndio ule ujuzi wa zamani, kwamba aliyepona hashikwi tena, uliotiwa katika chupa.

Mwaka 1902 Maurice Nicolle na Adil Bey, katika mji wa Istambul, walionyesha ya kuwa kiletacho sotoka ni kidogo mno hata chapita katika chujio lizuialo vidudu vya kawaida. Leo twaviita virusi. Katika miaka ya 1920, huko Mukteswar katika Bara Hindi, J. T. Edwards aliona ya kuwa kirusi cha sotoka, kikipitishwa mara nyingi kutoka mbuzi hata mbuzi, hupungua ukali wake kwa ng'ombe, lakini hakipungui nguvu ya kuleta kinga. Nyumba ya uchunguzi ya Kabete, karibu na Nairobi, ilitengeneza chanjo ya namna hiyo hiyo, nayo ilitumika sana Afrika ya Mashariki. Na huko Mpwapwa, katika Tanganyika, ilikuwako nyumba ya uchunguzi tangu siku za Wadachi. Chanjo ya mbuzi ilisaidia wengi, ila iliwaugua ng'ombe wa namna nyingine, hata pengine iliwaua. Mwenye ng'ombe aliyepoteza ndama wake kwa sindano hakurudi tena, wala hatuwezi kumwita mjinga kwa hiyo. Wakati huo huo mataifa yalianza kusaidiana. Mwaka 1920 sotoka iliingia Ubelgiji kwa ng'ombe wa Bara Hindi waliopitishwa bandari ya Antwerp wakienda Brazil, na kwa hofu ya jambo hilo mataifa 28 yaliweka mkataba Paris mwaka 1924, wa kuarifiana habari za maradhi ya wanyama.

Dawa iliyo bora ilitoka kwetu. Katika nyumba ya uchunguzi ya Muguga, si mbali na Kabete, Walter Plowright na mwenzake R. D. Ferris walichukua kirusi kiitwacho Kabete O, wakakikuza katika chembe za figo za ndama ndani ya chupa, wakakihamisha kutoka chupa hata chupa karibu mara 90. Kila safari kilizidi kuwa mpole. Katika mwanzo wa miaka ya 1960 walikuwa na chanjo isiyomwuguza ng'ombe wa kabila lo lote, isiyoambukiza jirani yake, rahisi ya bei, na yenye kinga ya maisha. Mwaka 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi hiyo, naye alifariki mwaka 2010.

Faida yake haikuonekana zizini tu. Katika Serengeti, nyumbu walikuwa kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960, maana kila mwaka sotoka iliwaua ndama wao wengi. Watu wengine walisema ya kuwa wanyama wa porini ndio watunzao sotoka na kuwaambukiza ng'ombe. Lakini ng'ombe wa kando kando walipochanjwa, sotoka ilitoweka kwa nyumbu ambao hawakuchomwa hata sindano moja, nao wakaongezeka hata kuwa zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Ikajulikana, basi, ya kuwa mambo yalikuwa kinyume: ng'ombe ndiye aliyeitunza, na nyumbu ndiye aliyeambukizwa.

Kwa chanjo hiyo mataifa 22 ya Afrika yalifanya kazi kubwa ya pamoja tangu mwaka 1962 hata 1976. Mamilioni ya ng'ombe walichanjwa, sotoka ikawa adimu, watu wakafurahi. Furaha ilikuja mapema. Sotoka ilikuwa imesalia mahali pawili: upande wa Mali na Mauritania, na upande wa Sudan na Uhabeshi, katika nchi za vita na joto, mbali na barabara. Fedha zilipunguzwa, wachanjaji wakarudi nyumbani, ndama wakazaliwa wasio na kinga. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mwanzo wa miaka ya 1980 sotoka ilitoka katika maficho yake, ikavuka Afrika kutoka upande hata upande. Nigeria ilipigwa vibaya mwaka 1983, na kaskazini ya Tanzania, iliyokuwa na amani miaka mingi, ilionekana tena mwaka 1982.

Kwa nini kazi ile haikutimia? Dawa haikuwa na kosa. Tatizo lilikuwa barafu na miguu. Chanjo ya Plowright huharibika katika joto, nayo yahitaji kuwekwa baridi tangu inapotengenezwa hata inapoingia mwilini. Kwa hiyo ilifika pale motokaa inapofika, wala haikufika zaidi. Na mchanjaji alikuwa mtu wa serikali, mgeni, asiyejua lugha, aliyewaamuru watu wakusanye ng'ombe siku aitakayo yeye. Wafugaji wa mbali, ambao ndio waliokuwa na sotoka, hawakuja. Makosa hayo yalirekebishwa kwa njia mbili, nazo ndizo kiini cha makala haya.

Njia ya kwanza ni ya nyumba ya uchunguzi. Jeffrey Mariner, daktari wa wanyama wa Marekani, alibadili jinsi ya kuikausha chanjo ile ile, hata ikaweza kuchukuliwa siku 30 pasipo barafu. Basi ikaweza kwenda kwa miguu, au kwa punda, au kwa ngamia. Njia ya pili ni ya zizini. Katika nchi ya Waafar, katika Sudan ya Kusini na katika Karamoja, wazee waliombwa kuchagua vijana wao wenyewe, wajuao ng'ombe na kuaminiwa na watu, wakafundishwa kuchanja. Katika Sudan ya Kusini, tangu mwaka 1993, katikati ya vita, ng'ombe zaidi ya milioni moja walichanjwa katika mwaka mmoja, jambo ambalo hapo kwanza halikuwezekana.

Tena wataalamu walijifunza kuuliza. Badala ya kuingia na karatasi ya maswali iliyoandikwa mjini, waliketi na wafugaji, wakawauliza kwa majina ya kienyeji: ugonjwa huu mwauitaje? Dalili zake ni zipi? Mara ya mwisho kuuona ilikuwa kabla ya ukame gani? Waliona ya kuwa mfugaji aweza kuipambanua sotoka na maradhi mengine ya kuhara, naye hukumbuka miaka yake kwa hakika. Kwa njia hiyo waliweza kuifuata hata katika maficho ya mwisho. Na maficho yale yalikuwa ya hila, maana katika upande wa Wasomali ilisalia sotoka ya namna ya upole, isiyoua ng'ombe wengi, iliyodhihirika tu ilipoingia kwa wanyama wa porini: kati ya mwaka 1994 na 1997 iliua nyati na tandala wengi katika Tsavo. Kama wataalamu wangaliiamini mizoga tu, wangalidhani ya kuwa ng'ombe wako salama.

Sotoka ilionekana mara ya mwisho mwaka 2001, katika nyati wa mbuga ya Meru, nchini Kenya. Chanjo ilikomeshwa mwaka 2006, wakakaa wakingojea na kupima damu. Tarehe 25 Mei 2011 shirika lile la Paris lilitangaza ya kuwa nchi zote zimetakata, na tarehe 28 Juni mwaka huo huo, katika mji wa Roma, Shirika la Chakula na Kilimo lilitangaza mwisho wa sotoka duniani. Ni ugonjwa wa pili katika historia kukomeshwa na wanadamu. Wa kwanza ni ndui, ambayo mgonjwa wake wa mwisho wa kuambukizwa katika hali ya kawaida alionekana Merka, Somalia, mwaka 1977. Mwenye kuyapima mambo ataona kwamba magonjwa haya mawili ndiyo yaliyowaangamiza Wamasai pamoja katika Emutai, nayo yote mawili yalikomea katika Afrika ya Mashariki.

Lakini jamaa za sotoka wangali hai. Surua ya watoto wetu ni ya ukoo mmoja nayo. Ukoo huo huo una ugonjwa wa mbwa, uletao homa, makamasi na kifafa. Nao mwaka 1994 uliua kama theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya kando kando walishukiwa kuwa ndio chanzo. Na iko sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyoingia Kenya na Tanzania katika miaka ya 2000, iwapigayo hasa maskini na wajane, ambao hawana ng'ombe. Tangu mwaka 2015 mataifa yamekusudia kuikomesha nayo ifikapo mwaka 2030. Chanjo yake iko. Lisilo hakika ni kama wachanjaji watakumbuka yaliyowapata wale waliotangulia, wasirudi nyumbani kabla ya maficho ya mwisho kufikiwa.

Nalianza na majina, nami nitamalizia nayo. Kijana wa leo katika nyika hajapata kuona sotoka, wala mwanawe hataiona, Mungu akipenda. Hili ni jambo la kushukuru. Lakini ugonjwa ukiondoka, maneno yake huondoka nao, na pamoja na maneno huondoka ule ujuzi wa kutazama. Mzee ajuaye kwa nini nyongo ilipewa heshima ya kuwa jina la ugonjwa, na aliyesikia kwa babu yake jinsi rafiki wa pakiteng walivyogawana mitamba baada ya Emutai, ni kitabu kilicho wazi leo na kitakachofungwa kesho. Basi wenye kalamu na waende zizini kabla ya jua kutua, wakaulize na kuandika. Maradhi mengine yatakuja, maana hayajapata kuacha kuja. Na siku hiyo mtaalamu atafika na chupa yake, atahitaji kumwuliza mchungaji, Huu mwauitaje? Heri atakapomkuta mtu wa kumjibu.